Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi inayokuuliza umesimama wapi

Anayetafuta lenzi yake ya kwanza ya 50mm hakawii kuambiwa kwamba hii ndiyo lenzi "inayoona kama jicho". Msemo huo una chembe ya ukweli, na tutaifikia, lakini madhara yake ni makubwa: humfanya mpigapicha aamini kwamba picha yake haina upande, na mtazamaji aamini kwamba kilichomo kwenye fremu ndicho chote kilichokuwapo. Hapa tunaipima Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015, kwa mambo mawili kwa pamoja: ubora wake kama kifaa, na mchango wake katika kuamua mtu ataona nini akiitazama picha. Kwa lenzi hii mambo hayo hayatenganishiki, kwa sababu haina zumu. Fremu ikikataa, miguu ndiyo husogea, na miguu ikisogea picha hubadilika sura.

Kifaa chenyewe

Ni lenzi ndogo ya gramu 160 hivi, yenye vioo 6 katika makundi 5, vibapa 7 vya kufungua na kufunga tundu la mwanga (namba ya f, kama f/1.8, hupima tundu hilo: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), na nafasi ya chujio la mm 49. Kitako chake, sehemu inayoshika kwenye kamera, ni cha chuma. Toleo la II lililoitangulia, la mwaka 1990, lilikuwa na kitako cha plastiki na vibapa 5, na taa za mbali zilizopakwa ukungu zilitoka na pembe tano. Kwenye hii hutoka karibu duara. Umbali wa karibu kabisa wa kufokasi umeshuka kutoka sm 45 hadi sm 35. Kipimo hicho huanzia kwenye kihisi, bapa lililo ndani ya kamera linalopokea picha, si kwenye mdomo wa lenzi. Kamera nyingi zina alama ya duara dogo lililokatwa na mstari hapo juu kuonyesha kihisi kilipo. Kwa hiyo kutoka kioo cha mbele hadi kitu kinabaki kama sm 26, na kwa umbali huo kamera yenye kihisi kikubwa cha fremu kamili inabeba eneo la takriban sm 17 kwa 11.

STM ni jina la mota inayosogeza vioo kufokasi. Ni laini na tulivu, ingawa si ya haraka sana. Pete ya fokasi haijaungwa na vioo moja kwa moja: ukiizungusha unatuma ishara kwa mota, na kamera ikiwa imezimwa pete inazunguka bure. Wengi hudhani lenzi imeharibika. Haijaharibika, washa kamera kwanza.

Kinachoiharibu kweli ni kitu kingine. Sehemu ya mbele hutoka nje kadiri unavyofokasi karibu, na kwenye kamera nyingi, ukizima ikiwa nje, inabaki nje. Ikigongwa au ikibanwa mkobani katika hali hiyo, nguvu yote inaingia kwenye mitambo ya fokasi. Jenga mazoea ya kufokasi kitu cha mbali kabla ya kuzima, ili irudi ndani. Baadhi ya kamera mpya zina chaguo kwenye menyu la kuirudisha zenyewe, liwashe. Kofia ya mbele ya lenzi, ES-68, ambayo huuzwa peke yake, hushika kwenye ganda la nje lisilosogea, kwa hiyo huikinga sehemu hiyo na wakati huohuo huzuia mwanga wa pembeni. Kwa lenzi hii kofia si pambo.

Jicho na 50mm

Kwenye kihisi cha fremu kamili, yaani mm 36 kwa 24, lenzi hii inakamata nyuzi karibu 40 kwa upana, 27 kwa wima na 47 kwa mshazari. Macho mawili yakitazama mbele hupokea mwanga kutoka eneo la zaidi ya nyuzi 180 kwa upana, ila kinachoonekana kwa ukali wote ni duara la nyuzi kama 2 tu katikati, karibu upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwingine kote jicho linarukaruka na ubongo unashona vipande. Nyuzi 40 si kipimo cha jicho kwa hesabu yoyote utakayoifanya.

Basi msemo unapata nguvu wapi? Kwanza, kwenye kidirisha cha kuchungulia. Watengenezaji hupima ukuzaji wa kidirisha wakiwa wamefunga lenzi ya 50mm iliyofokasiwa mbali kabisa. Kamera ya filamu ya Canon AE-1 ya mwaka 1976 ina ukuzaji wa 0.86, kwa hiyo ukichungulia kwa jicho moja na kuliacha la pili wazi, ukubwa wa vitu unakaribia kulingana. Kwenye EOS 5D Mark IV ukuzaji ni 0.71, na ulinganifu huo unahamia karibu na 70mm. Lenzi ni ileile, nyuzi ni zilezile. Kilichobadilika ni kidirisha tu.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, ni umbali ambao mtu anasimama akiitazama picha iliyochapishwa. Picha huonekana ya kawaida pale jicho la mtazamaji linapokaa mahali palepale, kwa uwiano, ambapo lenzi ilikaa. Hesabu yake ni rahisi: zidisha urefu wa fokasi, yaani ile 50mm ya lenzi, kwa mara ambazo picha imekuzwa. Picha ya sm 30 kwa upana imekuza kihisi cha mm 36 mara 8.3, mara 50 unapata kama sm 42. Huo ndio umbali ambao mtu mzima hushikilia picha ya ukubwa huo bila hata kufikiri. Ukichapisha picha ya 24mm kwa ukubwa uleule, mahali pake sahihi ni sm 20, na hakuna anayeitazama akiwa karibu hivyo. Ndiyo maana kingo zake huonekana zimevutwa. Picha ya 200mm ingetaka mita 1.7, nasi tunaitazama tukiwa karibu mno, hivyo vitu huonekana vimebanana. Lenzi haikufanya kosa katika hali yoyote kati ya hizo. Mtazamaji ndiye aliyesimama kwingine.

Sasa fikiria simu. Picha ya mlalo kwenye simu iliyoshikwa wima ina upana wa sm 7 hivi. Imekuzwa mara 1.9 tu, na mahali pake sahihi ni kama sm 10 kutoka jichoni. Mtu huishika sm 30. Mandharinyuma hupungua, kina huonekana kirefu kuliko kilivyokuwa, na lenzi inayosifiwa kwa uasilia inaanza kutoa hisia ya lenzi pana. Ikiwa picha zako zitatazamwa zaidi kwenye simu, piga wima: zikijaza upana uleule wa sm 7, umbali sahihi unapanda hadi kama sm 15, na kitu kikuu kinachukua sehemu kubwa zaidi ya skrini. Hili ni badiliko dogo la mkono lenye faida kubwa kuliko kununua lenzi nyingine.

Vikombe viwili

Kuna jaribio ambalo kila mwenye lenzi hii alifanye siku ya kwanza. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, viweke mezani kimoja nyuma ya kingine kwa sm 50, ukikisogeza kidogo cha nyuma pembeni kionekane. Weka kamera sm 50 kutoka kikombe cha mbele, upige kwa f/8. Cha nyuma kiko mita 1 kutoka kamera, na kwenye picha urefu wake ni nusu ya cha mbele. Rudi nyuma hadi mita 2, upige tena. Sasa umbali ni mita 2 na mita 2.5, na kikombe cha nyuma kimefika asilimia 80 ya cha mbele. Fungua picha ya pili kwenye kompyuta, uikate mpaka kikombe cha mbele kilingane na cha picha ya kwanza. Cha nyuma kinabaki asilimia 80. Ukiwa na lenzi ya zumu, simama palepale kwenye mita 2, uvute hadi 100mm: asilimia 80 tena.

Maana yake ni kwamba uwiano wa vitu kwenye picha huamuliwa na mahali kamera ilipokaa. Urefu wa fokasi huamua kipande gani kinakatwa kutoka kwenye mtazamo huo, basi. Zumu humwezesha mtu kuchagua kipande bila kuchagua mahali, na ndiyo sababu wengi hupiga miaka mingi bila kugundua kwamba ni mambo mawili. 50mm isiyo na zumu inayafunga pamoja. Naiona hii kuwa sifa kubwa kuliko f/1.8 inayoandikwa kwenye sanduku.

Tazama inavyofanya kazi kwenye uso. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni kama sm 12. Kamera ikiwa sm 30 kutoka puani, sikio liko sm 42, na pua inatoka kubwa kwa asilimia 40 kulinganisha na sikio. Kwa mita 1.5 tofauti hiyo ni asilimia 8. Picha ya kujipiga kwa mkono na simu iko katika hali ile ya kwanza. Mtu anayeichukia pua yake kwenye simu anachukia urefu wa mkono wake.

Ukiwa na lenzi hii kwenye fremu kamili, kamera ikiwa wima, kimo kinachoingia ni 0.72 ya umbali. Mtu mzima kutoka kisigino hadi utosini, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, yaani mita 2, anahitaji mita 2.8. Kuanzia kiunoni, mita 1 ya kimo, unasimama kwenye mita 1.4. Kichwa na mabega, sm 60, inakuleta sm 83, na hapo pua imeshapanda kwa asilimia 14. Bado si vibaya, lakini nyuso zenye pua ndefu au paji pana huanza kulalamika. Rudi hadi mita 1.4 na ukate picha baadaye. Kutoka megapikseli 24, ukikata nusu ya upana na nusu ya kimo unabaki na 6, zinazotosha kuchapisha sm 25 kwa 17 kwa ukali mzuri.

Kwenye kamera zenye kihisi kidogo cha APS-C za Canon, mm 22.3 kwa 14.9, lenzi hii inakata kipande sawa na cha 80mm kwenye fremu kamili. Fremu ileile ya sm 60 inakutaka usimame mita 1.35, na tofauti ya pua inashuka hadi asilimia 9. Watu husema "kwenye APS-C lenzi hii inapendezesha uso", na matokeo ni kweli, ila sababu si kihisi. Ni kwamba chumba kimekulazimisha urudi nyuma. Chumba kikiwa kidogo na ukuta ukakuzuia, faida hiyo imekwisha.

Nyuma ya mtu kuna nini

Mtu amesimama, na mita 30 nyuma yake kuna jengo. Kwa 50mm kutoka mita 2.8 anajaza fremu. Kwa 24mm unamsogelea hadi mita 1.34 ili ajaze vilevile, na jengo linapungua hadi nusu ya ukubwa wake wa awali. Kwa 100mm unarudi mita 5.6, na jengo linakua karibu mara 1.85. Mtu ni yuleyule, kimo chake kwenye picha hakijabadilika, lakini katika picha moja ametawala mahali na katika nyingine mahali pamemmeza. Kila moja ni ya kweli kutoka pale kamera ilipokuwa.

Kwenye foleni jambo hilo huwa nyeti. Watu wamesimama mita 2 kati yao. Piga ukiwa mita 3 kutoka kwa wa kwanza: wa pili yuko mita 5, na anaonekana asilimia 60 ya kimo cha mwenzake, nafasi kati yao inasomeka. Piga ukiwa mita 15 kwa lenzi ndefu: 15 kwa 17, yaani asilimia 88, na watu wanaonekana wamegandana. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, shirika la picha la Denmark, Ritzau Scanpix, lilionyesha hadharani jozi za picha za watu walewale zilizopigwa kwa lenzi pana na lenzi ndefu. Katika moja wameachana, katika nyingine wamebanana. Picha za namna hiyo ndizo zilizotumika duniani kote kuwalaumu watu kwa kukusanyika.

50mm iko katikati, na wapo wanaoamini kwamba kuwa katikati ni kuwa mkweli. Sikubaliani. Kwa 50mm bado unaweza kuipiga foleni hiyo kutoka mita 15 na kuikata. Vikombe vimeshatuonyesha kwamba matokeo ni yaleyale. Unaweza pia kupiga ukiwa ubavuni, ukaonyesha kila pengo. Anayetaka kumtendea haki mtazamaji apige zote mbili, na maelezo ya picha yataje ilipigwa ukiwa wapi.

Ukingo wa fremu nao ni uamuzi. Mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa 50mm kwenye kamera ya Leica, alijulikana kwa kukataa picha zake zikatwe. Hata hivyo ile ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, ilikatwa, kwa kuwa kamera ilichungulia kwenye mwanya wa ua na sehemu ya hasi ya filamu ilizibwa na mbao. Mamilioni wameiona picha hiyo. Ua hawakuuona.

Kimo cha anayepiga

Hili halitegemei lenzi, ila bila zumu utalikabili kila siku, kwa hiyo linaingia kwenye tathmini. Mahali palipo tambarare, mstari wa upeo hupita kwenye kila kitu kwa kimo kilekile cha kamera. Ukipiga kamera ikiwa mita 1.6 kutoka ardhini, upeo utawakata watu wote wa kimo chako machoni, wa karibu na wa mbali. Ikiwa kiunoni, mita 0.9, upeo utapita viunoni mwao na vichwa vitasimama angani. Kwa hiyo ukitazama picha ya mtu mwingine unaweza kujua kamera ilikuwa juu kiasi gani: tafuta upeo, uone unakata wapi kwenye mwili wa aliyesimama.

Mtoto wa kimo cha mita 1 akipigwa na mtu mzima aliyesimama kwa 50mm kutoka mita 1.4 anatazamwa kwa mteremko mkali. Kichwa kinakuwa kikubwa, miguu midogo, na anabaki hana la kusema kwenye picha yake mwenyewe. Piga goti moja hadi kamera ifike sm 90, usimame mita 1.5 hadi 2. Lenzi ikiwa nyepesi hivi, kukaa chini dakika kumi hakuumizi mkono, na hapo gramu 160 zinalipa.

Nini kiwe na ukali

Sasa f/1.8. Kwa mita 1 kwenye fremu kamili, eneo lenye ukali ni kama sm 4. Kwa sm 83 ni karibu sm 3. Kwa sm 35, umbali wa karibu kabisa, ni mm 3, chini ya unene wa penseli. Kwa mita 2.8 unapata sm 33, kiasi cha kumtosha mtu mmoja aliyesimama wima, si wawili waliopishana.

Kosa linaloongoza kwa wanaoanza na lenzi hii ni kufokasi kwenye jicho kwa pointi ya katikati, kisha kugeuza kamera kupanga fremu. Kwa sm 83, ukigeuza nyuzi 15, jicho linaachwa nje ya bapa la fokasi kwa sm 2.8. Una sm 1.4 tu kila upande. Jicho linatoka na ukungu, sikio linatoka kali, na lawama zinaangukia lenzi. Hamisha pointi ya fokasi hadi juu ya jicho lenyewe, au tumia utambuzi wa macho kama kamera yako inao. Kwenye kamera za DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani, ambazo hazina marekebisho ya fokasi, piga picha 5 za jaribio kwa kidirisha na 5 kwa skrini ya nyuma, zote kwa f/1.8 kutoka mita 1. Za skrini zikiwa kali na za kidirisha zikikosea upande uleule kila mara, tatizo ni ulinganifu wa kamera na lenzi, na fundi anaweza kulirekebisha. Zikikosea huku na kule bila mpangilio, mara nyingi ni mwili wako unaoyumba mbele na nyuma.

Lakini swali la maana zaidi si kama fokasi imekaa. Ni kwamba ukungu humwambia mtazamaji ni kipi asihangaike nacho. Chukua seremala akiwa kazini, mita 1.4, mikono yake sm 30 mbele ya uso. Kwa f/1.8 ukali ni sm 8: ukifokasi macho, mikono, mbao na randa vinayeyuka, na unabaki na picha ya sura. Kwa f/8, ukifokasi katikati ya uso na mikono, ukali unafika kama sm 29, na sasa ni picha ya kazi. Wengi wanaonunua lenzi hii huifungua f/1.8 wiki ya kwanza na kuiacha hapo mwaka mzima. Kila picha yao inasema jambo moja: mtu huyu hana mahali. Iweke f/4 kuwa pa kuanzia, na ufungue zaidi pale tu unapojua unachokiondoa.

Kwa mandhari, f/8 ukifokasi mita 10.4, kila kitu kuanzia mita 5.2 hadi mbali kabisa kinakubalika. Lenzi haina kipimo cha umbali juu yake, kwa hiyo tafuta kitu kilichoko hatua 13 au 14 ndefu, ukifokasi, kisha uhamishie swichi ya pembeni kwenye MF, yaani fokasi ya mkono.

Dosari za kioo

Kwa f/1.8 katikati ni kali vya kutosha, ila tofauti ya mwanga na kivuli ni hafifu kidogo na pembe ni laini, zenye giza. Kingo za vitu ving'aavyo, kama matawi mbele ya anga au vyuma kwenye jua, hupata mstari wa zambarau mbele ya fokasi na wa kijani nyuma yake. Programu za kuhariri huondoa sehemu yake, ila ukizidisha huondoa na rangi ya nguo. Kwa f/2.8 lenzi inaamka. Kati ya f/5.6 na f/8 hakuna sababu ya kuionea wivu lenzi kubwa zaidi. Baada ya f/11 ukali unaanza kushuka tena kwa sababu mwanga unatawanyika ukipita tundu dogo, na hilo ni kwa kila lenzi. Taa za mbali usiku huwa duara katikati ya fremu, na karibu na pembe hubanwa kama jicho la paka. Jua likifungiwa f/16 hutoa nyota ya miale 14, maana vibapa ni 7 na idadi isiyogawanyika kwa mbili huzaa maradufu.

Haina kituliza mtikisiko. Kwa mkono usishuke chini ya kasi ya sekunde 1/60 kwenye fremu kamili au 1/100 kwenye APS-C, na kwa watu wanaotembea anza 1/250. Kwa video, sehemu ya mbele ikisogea fremu nayo hupanuka na kubana kidogo kila fokasi inapohama. Kwa mahojiano ya kukaa haionekani, kwa fokasi inayohama kutoka mtu hadi mtu inaonekana.

Jambo moja la kipima mwanga, kwa sababu linagusa nani anaonekana na nani hapana. Kamera hulenga kuifanya fremu iwe ya kijivu cha wastani. Mwenye ngozi nyeusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, kamera huona mwanga mwingi, huupunguza, na uso unazama gizani. Ongeza fidia ya mwanga kwenye kamera, +2/3 hadi +1, au pima usoni moja kwa moja. Kivuli kilichozama hakirudi vizuri kwenye kompyuta. Hurudi na chembechembe.

Kwa nani

Mwenye fremu kamili ya mfumo wa EF na anayepiga watu ataitumia kila siku. Mwenye APS-C ajue ananunua lenzi ya sura na vitu, si ya vyumba: mtu mzima kutoka kisigino hadi utosini inamtaka arudi karibu mita 4.5, na sebule nyingi hazina nafasi hiyo. Huyo aangalie EF-S 24mm f/2.8 STM kwanza. Mwenye kamera ya EOS R, mfumo mpya wa Canon usio na kioo cha kuakisi, anaweza kuitumia hii kwa adapta bila kupoteza kitu, ila kama ananunua mpya, RF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020 ina uzito uleule, inafokasi hadi sm 30 na haihitaji adapta.

Ukinunua iliyotumika, ifunge kwenye kamera, uiwashe, na ufokasi kutoka sm 35 hadi mbali mara kumi mfululizo. Mlio wa kukwaruza au kusita katikati ni dalili ya mitambo iliyogongwa. Ikiwa imetoka nje, shika ncha kwa vidole viwili bila kuisukuma uone kama inalegea upande mmoja. Mulika tochi ya simu kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, utafute ukungu wa fangasi unaofanana na utando wa buibui. Vumbi kidogo halidhuru, fangasi huenea. Mwisho piga ukuta wa matofali kwa f/2.8 kutoka mita 3, kamera ikiwa sambamba na ukuta, na ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na zenzake ni kali, kioo kimehama ndani, mrudishie mwenyewe.